Walipofagia Mahali pa Vyungu

Nilijiunga na chama cha mambo ya kale cha Masasi kwa sababu ya ndoo ya maji. Wakati huo nilikuwa nakaa kwa mama mdogo, ambaye anashona nguo barazani si mbali na stendi, na chumba cha chama kilikuwa kimepakana na ukuta wetu. Jumamosi moja bomba lao halikutoa maji, wakaja kuomba kwetu. Nilipowapelekea ndoo nikakuta watu wazima wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na mswaki mkononi, wanasugua vigae vya vyungu taratibu kama mtu anayemsugua mtoto meno. Mwenyekiti wao, mwalimu wa kike aliyestaafu, aliniona nimesimama mlangoni. Akanipa mswaki na kigae, akaniambia nisikazane sana pale penye michoro.

Niliipenda kazi ile kwa kuwa haikuhitaji maneno. Mimi si msemaji. Hata shuleni, na niliishia darasa la saba, nilikuwa nikiulizwa swali ninalolijua najibu kwa sauti ambayo mwalimu haisikii, basi linapewa jibu la mtu mwingine. Pale kwenye chama hakuna aliyeniuliza kitu. Unaosha kigae, unakianika kwenye gazeti, unachukua kingine. Wenzangu walikuwa wanazungumza juu ya bei ya korosho na harusi za watu, na mimi nilikuwa nasikiliza.

Chama kilikuwa na mambo mengi zaidi ya kuosha. Walikuwa wanapanda kwenye majabali ya Masasi kutazama mapango, wanakwenda shule za msingi na sanduku la vigae na mawe ili watoto waguse, na mara chache wanapata ruhusa ya kwenda na wataalamu kuchimba. Huko kwenye kuchimba sikuwahi kufika, kwa sababu mama mdogo alinihitaji siku za kazi. Kwa hiyo nilichokijua ni vigae vikishafika chumbani ndani ya mifuko, vina vumbi, vinasubiri maji. Vilivyotolewa ardhini namna gani, sikuwa nimeona.

Nilikwenda nyumbani siku za Idi. Kwetu ni upande wa Newala, kijiji kimoja mbele ya Kitangari, na aliyenilea ni bibi yangu mzaa mama. Jioni tukimenya mihogo nilimweleza habari za miswaki. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Yaani mnaosha vyungu vilivyovunjika," alisema. "Na vizima hapo kwa mama yako mdogo anaviosha nani?"

Nikamwambia vizima naviosha mimi pia. Akasema basi chama hicho kimepata mtu, maana nyumbani alikuwa ananifukuza na fagio ndipo nioshe. Mimi na Bibi tunataniana hivyo siku zote. Lakini alipomaliza kucheka akaanza kunieleza habari za mahali pa vyungu.

Nilipajua kwa jina tu. Ni kipande cha ardhi ya ukoo wetu, mwendo mfupi kutoka kijijini, kilichoota vichaka katikati ya mikorosho ya zamani. Bibi alizaliwa pale. Kabla watu hawajahamishiwa kwenye vijiji, akina mama wa ukoo walikuwa wanafinyanga pale na kuchoma vyungu, na watu walikuwa wanakuja kununua mitungi kutoka mbali, hata kutoka Tandahimba. Mama yake Bibi alikuwa mfinyanzi, na mama yake huyo naye, na Bibi aliambiwa kwamba hata hao waliukuta moto unawaka. Jivu la kuchomea lilikuwa limerundikana mpaka limekuwa kama kichuguu kipana. Walipohama, kila familia ilibeba ilichoweza, na katika kijiji kipya hakuna aliyefinyanga tena. Ndoo za plastiki zilikuwa zimeanza kuja.

Kilichomsumbua Bibi ni kwamba mjomba wangu, mtoto wa marehemu dada yake, alitaka kung'oa vile vichaka mvua zikikaribia apande mikorosho mipya. Hakuwa na kosa. Ardhi ni ya ukoo na yeye ndiye anayeilima. Tena alikuja kuomba kwa heshima, akaambiwa asubiri kwanza. Bibi hakuweza kumpa sababu ambayo mtu mwenye watoto wa kusomesha angeikubali. Kwamba mama yake alikuwa anachoma vyungu hapo? Kwenye kila ardhi hapa kuna mama wa mtu aliyefanya jambo juu yake.

"Hao wenzako wenye miswaki," aliniuliza, "wakija kuona, wanaweza kusema kitu?"

Niliporudi Masasi ilinichukua muda kumwambia mwenyekiti. Mwishowe nilimwambia huku nikiosha, bila kuinua uso. Aliacha kazi yake akavuta kiti karibu. Akasema mahali pa wafinyanzi palipotumiwa vizazi vingi namna hiyo ni jambo ambalo wamekuwa wakilitafuta kwetu, kwenye uwanda wa juu wa Newala. Alimpigia simu mtaalamu mmoja anayefanya kazi makumbusho huko Dar es Salaam, dada mmoja ambaye angefika Masasi kwa shughuli nyingine, na huyo akakubali kuongeza siku. Mpango ulikuwa rahisi. Angechimba shimo dogo kwenye lile rundo la jivu, aone limejengeka kwa muda gani. Kama lingeonyesha ukale, chama kingeiandikia serikali ya kijiji, kibao kingewekwa, na kile kipande kingeachwa. Mjomba alipigiwa simu naye. Akasema kama wataalamu wakithibitisha, yeye atapanda kuzunguka, shida iko wapi.

Bibi alifurahi kuliko nilivyowahi kumsikia kwenye simu. Aliniuliza wageni wanakula nini.

Sasa inabidi nieleze jambo moja kwa asiyekulia kwenye mikorosho. Msimu ukifika, korosho zinaanguka zenyewe, na ili zionekane ni lazima chini ya mti pawe peupe. Kwa hiyo tunapalilia, kisha tunafagia shamba kama mtu anavyofagia uani. Mwenye shamba lenye majani makavu anasemwa mpaka kwenye foleni ya maji. Mwanamke wa kwetu hajui kumwonyesha mtu ardhi kabla hajaifagia. Ni kama kumkaribisha mgeni ukumbini na kitanda hakijatandikwa. Wageni hawa tena walikuwa wanakuja kuangalia ardhi yenyewe, si nyumba wala chakula. Na mahali penyewe ni pa mama zao.

Hakuna aliyewaambia pabaki kama palivyo. Mwenyekiti baadaye alisema shuleni hulisema kila mara, lakini kwenye simu na mtendaji wa kijiji alizungumzia saa ya kufika na njia ya gari, basi. Mimi ningesema nini? Nilikuwa najua kwamba vigae huoshwa. Hilo ndilo nililomweleza Bibi, na hilo ndilo alilolishika.

Tulipanda Newala kwa kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi, mwenyekiti na mtaalamu mbele, mimi na wanachama wengine wachache nyuma. Msimu ulikuwa umeanza na harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, ilikuwa kila mahali. Mjomba alitupokea barabarani akatutangulia kwa baiskeli. Tulipotokeza, niliona kwanza akina mama wamejipanga, wamevaa vitenge vya shughuli, na Bibi mbele yao. Halafu niliona ardhi.

Vichaka vyote vilikuwa vimefyekwa. Lile rundo halikuwepo. Palikuwa na uwanja mwekundu, sawasawa, wenye mistari ya fagio iliyokwenda upande mmoja, safi kiasi kwamba sisi wenyewe tulisita kukanyaga. Katikati walikuwa wametandika mikeka, na juu ya mikeka kulikuwa na vigae, vingi sana, vimeoshwa vinang'aa, vimepangwa vikubwa kwa vikubwa na vidogo kwa vidogo. Mwezi ule maji kwetu ni shida. Kisima cha mvua cha nyumbani kinakuwa kimebakiza tope, na mabomba yanatoa yanapotaka. Yale waliyooshea vigae waliyabeba kichwani kutoka walikoyanunua.

Mtaalamu aliwaamkia wote mmoja mmoja, shikamoo kwa kila mkubwa, akaitikiwa. Alikuwa amevaa mabuti marefu, na mama mmoja akasema kwa Kimakonde kwamba huyu mtoto amejiandaa na nyoka kuliko na mume. Wakacheka, na mtaalamu akacheka nao bila kuelewa. Kisha akapiga magoti, akatoa mwiko wake mdogo, akakwangua hapa na pale. Udongo mwekundu. Akasogea akakwangua tena. Mwenyekiti alikuwa ameshaelewa, nilimwona anavyoishika mikono yake.

"Bibi," mtaalamu aliuliza kwa upole, "lile jivu liko wapi?"

"Tumelitoa lote, mwanangu," Bibi alisema. Alikuwa na furaha bado. "Tumelimwaga kule korongoni. Lilikuwa linachafua."

Mtaalamu hakukasirika. Ningependa ijulikane alivyokuwa. Alikaa chini kwenye ule uwanja uliofagiwa, akamwomba Bibi akae naye, akamweleza kwa mfano wa nguo. Akasema sanduku la nguo za familia ukilifungua taratibu, chini utakuta khanga za bibi, katikati za mama, juu za mtoto, na utajua nani alitangulia. Ila nguo zote zikitolewa, zikafuliwa, zikakunjwa upya kwa ukubwa, zitapendeza, lakini sanduku halitakuambia tena ni ipi ya nani. Jivu lile ndilo lilikuwa sanduku.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo tumeharibu," alisema.

"Mmefanya kazi kubwa, Bibi, na mmeifanya kwa upendo."

"Nimeuliza kama tumeharibu."

Mtaalamu alitazama chini. "Kwa kazi niliyokuja kufanya, ndiyo, Bibi."

Bibi akaitikia kwa kichwa, mara moja tu, kama mtu aliyetajiwa bei.

Mambo hayakuwa yameisha bado, na hilo ndilo linalonirudia mara nyingi kuliko lile la jivu. Mtaalamu alitoa karatasi. Akasema vigae peke yake haviwezi kueleza umri wa mahali, lakini maneno ya mtu aliyezaliwa hapa nayo ni ushahidi, na chama kinaweza kuiandikia serikali ya kijiji kwa maneno hayo. Akamwomba Bibi aseme nani walifinyanga hapa, walikuwa wanachoma wapi, walichora nini. Mwenyekiti akaongeza kwamba hata jina la mama yake tu lingetosha kuanzia.

Bibi alikung'uta kitenge chake akasimama.

"Mimi sijui," alisema. "Nilikuwa mdogo."

Niliinua macho. Akina mama walitazamana, wakatazama pembeni. Kila mmoja wao alijua kwamba Bibi anajua, na karibu wote walijua vipande vya habari ile wenyewe. Lakini Bibi ndiye mkubwa wa ukoo, na mkubwa akishasema hajui mbele ya wageni, nani atajua? Mimi ni mjukuu. Nyumbani namtania nitakavyo, namwita mke mwenzangu, namwambia meno yameisha. Mbele ya wageni mjukuu hamsahihishi bibi yake. Mtaalamu alisubiri kwa muda mrefu na kalamu mkononi. Kisha akaifunga karatasi.

Walichagua vigae vya kuondoka navyo wakavitia kwenye mfuko. Kila mfuko una kadi yake, na mwenyekiti akanipa mimi niijaze, nafikiri kwa nia ya kunipa heshima kwa sababu ni kwetu. Niliiweka juu ya goti. Penye mahali niliandika jina la kijiji. Penye tabaka, yaani vilitoka kina gani ardhini, niliandika alivyonitajia mtaalamu, halijulikani. Penye waliotengeneza, nikaandika hawajulikani. Mimi huandika polepole, natengeneza herufi moja moja, na Bibi akaja akasimama nyuma yangu. Hajui kusoma.

"Umeandika nini hapo, kirefu hivyo?"

Nikamsomea.

"Haya," akasema. "Andika vizuri, wasije wakasema mjukuu wangu ana mwandiko mbaya."

Wageni walikula wali na kuku, wakashukuru sana, wakaondoka. Mimi nilibaki mpaka kesho yake. Jioni tulipokuwa tunaosha masufuria, Bibi akaanza kuzungumza mwenyewe, bila kuulizwa. Mama yake alikuwa analainisha chungu kwa kipande cha kibuyu. Shingoni mwa mtungi alikuwa anaweka mistari mitatu na nukta katikati, na hakuna mwingine aliyeweka nukta. Alikuwa anachoma asubuhi upepo haujaamka, na watoto walikatazwa kukimbia karibu. Siku ile ya kuosha, Bibi alikuwa ameshika kigae chenye mistari na nukta. Alikijua kabla hajamaliza kukisugua. Akakipanga pamoja na vya ukubwa wake.

"Kiko kwenye mfuko?" nilimwuliza.

"Sikuangalia walivyochagua."

Nikamwuliza kama naweza kumwambia mwenyekiti, hata mimi peke yangu, kwa sauti ndogo. Alisimama na sufuria mkononi.

"Nimeshawaambia sijui. Unataka sasa nionekane mharibifu na mwongo pia?"

Nilisema hapana, Bibi. Akanipa sufuria nisuuze.

Sijamwambia mwenyekiti. Ndiyo maana hata hapa sitaji kijiji wala mtu. Kigae chenye mistari na nukta nilikitafuta kwenye mfuko ule Jumamosi iliyofuata, nikavipindua vyote. Hakikuwemo. Vilivyobaki kwenye mikeka watoto walikuwa wameshavichukua kuchezea.

Baada ya wiki chache chama kilikwenda kwenye shule moja ya Kitangari, na safari hiyo wazazi walialikwa. Mwenyekiti aliwaeleza umuhimu wa kuacha ardhi kama ilivyo, na akatoa mfano wa kijiji fulani, hakukitaja, ambako akina mama walifagia mahali pa kale pakabaki peupe kama sahani. Alilisema bila ubaya. Watu wakacheka, watoto zaidi. Mama mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Sasa mgeni akija, tumpeleke kwenye uchafu?"

Wakacheka tena, na mwenyekiti naye akacheka, akasema ndiyo, mama, kwa jambo hili tupelekeni kwenye uchafu. Yule mama alitikisa kichwa. Niliona hajakubali. Mimi nilikuwa kwenye meza ya vigae, na nilitamani kumwambia kwamba wale waliosha vigae kwa maji ya kununua, na kwamba kati ya hao wasiojulikana mmoja alikuwa anaweka nukta. Mtoto mmoja akaniuliza kigae alichokishika kilikuwa cha nini. Nikamwambia cha mtungi.

Mawingu yalipoanza kukusanyika nilikuwa nyumbani tena. Mjomba alikuja asubuhi na kofia mkononi, hakukaa. Alisema trekta imeshafika kwa jirani na kesho inaweza kuwa kwake. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alimwambia Bibi kwamba amefikiri, na wataalamu au hakuna wataalamu, yeye anaweza kuzunguka.

"Kile kipande ni kidogo, mama mdogo. Miche kadhaa tu. Nikikiacha sipotezi kitu."

Bibi alikuwa anapepeta mbaazi. Hakusimamisha ungo.

"Lima tu, baba," alisema. "Pale hapana kitu."

"Si lazima kiwepo kitu."

"Lima. Pameshafagiwa, usiache pakaota vichaka tena, watu wakasema ukoo huu hauna watu."

Mjomba alinitazama. Nadhani alitaka niseme neno, maana anajua Bibi hunisikiliza tukiwa wenyewe. Na tulikuwa wenyewe, hapakuwa na mgeni hata mmoja pale uani. Nilimtazama Bibi. Ungo ulikuwa unakwenda juu na chini, na makapi yalikuwa yanaruka, na uso wake ulikuwa umefungwa kabisa. Neno nililokuwa nalo lilikuwa moja tu, kwamba asilime. Lilifika mdomoni. Bibi akaniambia nimletee mjomba maji ya kunywa, nikainuka kwenda kuyachota, na niliporudi na kikombe walikuwa wanazungumza juu ya dizeli.

Kesho yake trekta ilianza upande wa barabara. Bibi hakwenda kutazama. Mimi nilikwenda. Dereva alilima kwa mistari mirefu bila kusimama, na ilipopita juu ya uwanja ule mwekundu haikubadilisha hata mlio. Kufikia mchana shamba lote lilikuwa la rangi moja, na ilinibidi nihesabu mikorosho ya zamani pembeni ili nijue mahali palikuwa wapi.